UZI: Una mimba na mwenzako ana pasipoti ya nchi nyingine? Anzeni na karatasi kabla ya tikiti ya ndege

MamaSaiba, Kondele, Kisumu

Ndugu zangu, salaam. Nina saiba, duka la intaneti, hapa Kondele na kazi yangu kubwa ni fomu: eCitizen, pasipoti, viza, vyeti vya kuzaliwa. Siku hizi hawakosi kuja wawili, dada ana mimba, mwenzake ni Mjerumani, Mwingereza, Mganda, Mtanzania au Mhindi, na swali la kwanza ni lile lile: "Twende tukazalie wapi ili mtoto apate pasipoti ya baba?" Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu swali hilo linawapotezea watu pesa na miezi ambayo hawana, na mara nyingine linamweka mama mwenyewe hatarini.

Kwa nchi nyingi ambazo watu wetu wanaoa na kuolewa, uraia wa mtoto haufuati kitanda alichozaliwa. Unafuata mzazi, na unathibitishwa na karatasi za mzazi. Mama anaweza kujifungulia Kisumu, kwa daktari anayemjua, dada zake wakimletea uji, na mtoto akapata pasipoti zote mbili bila mtu kupanda ndege na tumbo la miezi minane. Lakini karatasi ziwe zimeanza kushughulikiwa mapema.

Tuanze na Kenya. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema ukiwa na baba au mama Mkenya siku unapozaliwa, wewe ni Mkenya wa kuzaliwa, uwe umezaliwa hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu au London. Katiba ya zamani ilimbagua mama: Mkenya wa kike akizaa na mgeni nje ya nchi, mtoto hakupata uraia kupitia kwake. Hilo liliisha tarehe 27 Agosti 2010. Bado kuna akina mama wanaoambiwa na mashemeji kwamba mtoto hufuata baba tu, wakaamini, wakamlipia mtoto wao viza kuingia nchi yake mwenyewe. Inaniuma sana. Na kifungu cha 16 kinasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka tu mwenye uraia wa nchi mbili autangaze ndani ya miezi mitatu.

Kwa hiyo upande wa Kenya hauna shida. Kibarua kiko upande wa pili, na kila nchi ina mtego wake.

Uingereza: baba Mwingereza aliyezaliwa kule humpa mtoto uraia hata mtoto akizaliwa Kisumu. Kama hamjaoana, tangu tarehe 1 Julai 2006 baba anahesabika akithibitisha kwamba mtoto ni wake. Shida inakuja pale baba mwenyewe alizaliwa nje ya Uingereza na kupata uraia kupitia wazazi wake. Wahindi wetu wa Kisumu wenye pasipoti za Uingereza, hili liangalieni sana, kwa sababu mtu wa namna hiyo kwa kawaida hawezi kumpitishia mtoto aliyezaliwa nje moja kwa moja.

Marekani: mzazi Mmarekani aliyeoana na Mkenya lazima athibitishe kwamba aliishi Marekani kwa jumla ya miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, na miwili kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Mwili wake uwe ulikuwa kule. Kuwa na pasipoti hakutoshi. Basi atafute rekodi za shule, za kodi, za kazi. Kama hamjaoana na Mmarekani ni baba, anaongezewa masharti: uthibitisho wa damu na ahadi ya maandishi kwamba atamtunza mtoto hadi miaka 18. Mtoto akishazaliwa mnaomba ile hati ya ubalozi inayoitwa CRBA, pale Nairobi, pamoja na pasipoti yake.

Ujerumani: mtoto wa Mjerumani ni Mjerumani, lakini kama baba ndiye Mjerumani na hamjaoana, lazima amkiri mtoto kisheria na mama akubali. Kukiri huko kunaweza kufanywa kabla mtoto hajazaliwa, na mimi nawasihi mfanye hivyo. Mtoto akishapata uraia, mama anaweza kuomba viza ya kuishi na mtoto wake Mjerumani bila kudaiwa cheti cha lugha, tofauti na mke anayemfuata mume, ambaye kwa kawaida huhitaji Kijerumani cha kiwango cha mwanzo, A1. Jueni pia kwamba ubalozi wao hutuma hati za Kenya zikaguliwe, na ukaguzi huo huchukua miezi.

India: mtoto aliyezaliwa nje lazima asajiliwe ubalozini ndani ya mwaka mmoja, na wazazi watangaze kwamba hana pasipoti ya nchi nyingine. India haina uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hapo familia ikae chini ichague kabla ya kukimbilia pasipoti ya Kenya.

Sasa jambo ninalolipigia kelele kila siku: jina la baba. Mama akijifungua hospitalini anaandikiwa ile notifikesheni ya kuzaliwa, na cheti kinatolewa kutokana nayo. Muuguzi yuko zamu ya usiku, wodi imejaa, anamuuliza mama aliyetoka leba sasa hivi, "Baba anaitwa nani?" Mama anasema jina analomwita nyumbani. Pasipoti ya baba ina majina matatu na jina la ukoo lenye herufi zenye nukta juu; notifikesheni ina "Wolf" na jina la ukoo lililoandikwa lilivyosikika. Karatasi hiyo ikifika ubalozini, baba wa kwenye cheti na baba wa kwenye pasipoti ni watu wawili. Kusahihisha cheti kilichokwisha kutolewa ni viapo, barua na foleni, huku mtoto akifikisha miezi. Andikeni majina ya baba yote kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye pasipoti, mbandike karatasi hiyo ndani ya jalada la kitabu cha kliniki. Muuguzi akiuliza, mama asiseme kitu, afungue kitabu tu. Kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, someni notifikesheni herufi kwa herufi.

Na msikubali kuambiwa jina la baba haliandikwi kwa sababu hamna cheti cha ndoa. Kile kifungu cha 12 cha sheria ya vizazi na vifo kilichokuwa kinawazuia watoto wa nje ya ndoa, Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kinyume cha Katiba mwaka 2016. Usajili ufanyike ndani ya miezi sita; baada ya hapo unaitwa wa kuchelewa na maswali yanaongezeka.

Ulizeni maswali, nitajibu nikipata nafasi.

---

Fundi wa Naka, Nakuru

Asante mama. Mimi ni Mkenya, mke wangu ni Mtanzania wa Musoma. Anataka akajifungulie kwao kwa mama yake, kama desturi. Mimi nataka Nakuru, pale kwenye jengo la mama na mtoto la Margaret Kenyatta. Naogopa mtoto akizaliwa Musoma atakuwa Mtanzania peke yake, na Tanzania hawataki uraia wa nchi mbili.

---

MamaSaiba

Kaka, mtoto wako ni Mkenya hata akizaliwa ndani ya kivuko cha Ziwa Victoria. Wewe ni baba Mkenya, basi. Tanzania kweli hawaruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini mtoto anaweza kuwa nazo hadi miaka 18, hapo ndipo atachagua. Una miaka mingi.

Kwa hiyo msibishane kwa sababu ya uraia. Angalieni mambo mawili. La kwanza, cheti kinatolewa na nchi ambako mtoto amezaliwa. Akizaliwa Musoma, mtashughulika na RITA, ofisi yao ya vyeti vya kuzaliwa, kule, halafu mtapeleka cheti hicho upande wa Kenya kuomba pasipoti. Inawezekana, ila ni safari mbili badala ya moja, na jina lako liandikwe vizuri huko huko. La pili, bima. Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kama sisi. Ikiwa mkeo amekaa Nakuru muda huo na michango imelipwa, SHA hulipia hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Akivuka Isebania, bima hiyo haivuki naye.

Hilo la kwenda kwa mama yake usilidharau. Mzazi wa kwanza anataka mama yake karibu, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko stempu yoyote. Mleteni bibi Nakuru, mwananchi wa Afrika Mashariki haombi viza kuja Kenya. Mama wa Musoma atapanda basi hadi Sirari, atavuka, atafika.

---

Jakom, Kisumu

Hizi zote ni hekaya. Kama mko na pesa, mama apewe viza ya utalii aende Marekani ajifungue huko, mtoto anapata uraia hapo hapo. Watu wanafanya.

---

MamaSaiba

Ndugu Jakom, najua watu wamefanya. Nakueleza nionavyo.

Tangu Januari 2020 ofisa wa viza wa Marekani anaruhusiwa kumnyima mtu viza ya matembezi akiona sababu kuu ya safari ni kujifungua ili mtoto apate uraia. Atakuuliza. Ukisema ukweli, unaweza kunyimwa. Ukidanganya na ikagunduliwa, uongo huo unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, pamoja na ile viza ya ndoa ambayo mumeo angekuombea. Halafu tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wa mama aliyeko kule kwa viza ya muda ikiwa baba si raia wala hana kadi ya kijani. Mahakama zikaizuia, kesi zikaendelea. Mimba haisubiri majaji.

Tena kwenye uzi huu tunazungumza juu ya wanandoa wa nchi mbili. Kama baba ni Mmarekani aliyetimiza ile miaka mitano, mtoto ana uraia tayari akizaliwa Kisumu. Kwa nini mama abebe hatari na bili ya hospitali ya Marekani ambayo bima ya safari mara nyingi hailipi?

---

Mkunga wa Kakamega

Naomba nichangie upande wa afya, kwa sababu hapa wengi wanafikiria viza wakasahau damu.

Kwanza ndege. Mashirika mengi yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 hawakubebi. Wa mapacha huzuiwa mapema zaidi, mara nyingi wiki ya 32. Hesabu hiyo hufanywa kwa tarehe ya kurudi pia. Nimeona mama aliyekwenda kutembea wiki ya 30 akakwama huko.

Pili, na hili nalisema hasa kwa wanaume Wakenya walioleta wake kutoka Ulaya. Kundi la damu hasi, yaani Rh negative, ni la kawaida kwa Wazungu, karibu watu 15 katika 100, wakati kwetu ni wachache sana. Mke akiwa hasi na wewe ni chanya, mtoto anaweza kuwa chanya, na mwili wa mama ukajifunza kupigana na damu ya mtoto anayefuata. Kinga ipo: sindano ya anti-D karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Kwa kuwa huku wanaoihitaji ni wachache, si kila hospitali inaiweka kwenye friji. Ulizeni mapema, mjue iko wapi na bei yake, msingoje usiku wa leba.

Tatu, malaria. Aliyekulia Kisumu, Siaya au Busia mwili wake umeshaijua. Mgeni kutoka Berlin hana kinga hiyo, na malaria kwa mja mzito asiye na kinga inaua. Alale ndani ya neti kila usiku. Kliniki zetu za kanda ya ziwa hutoa dawa ya SP ya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13 kwa waja wazito. Mgeni naye aitumie kwa ushauri wa daktari, na akisikia homa usiku aje usiku huo huo. Asingoje asubuhi.

---

MamaSaiba

Mkunga, Mungu akubariki. Hilo la damu sikuwa nimelisikia hata kwa wateja wangu, na wapo wanaohusika. Nitawapigia simu kesho.

---

Nyar Busia

Mume wangu ni Mganda, tunaishi Busia. Mtoto wetu nilimzaa kwa mama mkwe upande wa Uganda. Kuna mtu ananiambia atanitolea cheti cha Kenya kikionyesha nilizaa Busia Kenya, nimlipe kidogo tu. Ni sawa?

---

MamaSaiba

Hapana, dada. Hapana kabisa.

Mtoto wako tayari ni Mkenya kupitia kwako, na ni Mganda kupitia kwa baba, kwani Uganda inamtambua mtoto wa raia wake wa kuzaliwa hata awe amezaliwa wapi, na uraia wa nchi mbili wanaruhusu. Hana haja ya uongo. Cheti chenye mahali pa uongo ni kosa la jinai, na kitamfuata. Siku akiomba pasipoti au viza, watauliza kadi ya chanjo. Kadi yake ni ya Uganda, chanjo ya kwanza ya BCG imeandikwa ya Uganda. Cheti kinasema Busia Kenya. Utajibu nini?

Kaombe cheti cha kuzaliwa upande wa Uganda, uhakikishe jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Hicho ndicho utakachotumia kudai haki yake ya Kenya. Kwa wengine wanaozalia nyumbani upande wa Kenya, naibu wa chifu ndiye anayeandika taarifa ya kuzaliwa. Nendeni kwake mapema, si siku mtoto anapoanza shule.

---

Achi, Milimani Kisumu

Mama, mimi nina mimba ya miezi sita. Mchumba wangu ni Mwingereza, yuko Leeds, atakuja mwezi ujao. Alishapeleka ayie, ile mahari ya kwanza ya Kijaluo, kwetu, ila hatuna cheti cha ndoa. Anataka niende na viza ya mwenzi nijifungulie huko. Nimeambiwa nipigwe picha ya kifua ya TB na naogopa kwa sababu ya mtoto. Nifanye nini?

---

MamaSaiba

Achi mpenzi, pongezi. Tuchukue moja moja.

Ayie ni heshima kubwa na familia yenu iko sawa, lakini ubalozi hausomi picha za sherehe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, ila isajiliwe mpate cheti. Au mfunge ndoa ya kiserikali: tangazo la siku 21, na yeye alete cheti cha kwao kinachoonyesha hana ndoa nyingine. Mwambie akiombe sasa hivi kabla hajapanda ndege, kwa sababu wengi huja mikono mitupu na likizo inaisha tangazo likiwa ukutani.

Viza ya mwenzi: tangu Aprili 2024 yeye anatakiwa kuonyesha mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka au akiba kubwa badala yake, na ada ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote kwa pamoja. Mkenya anayeomba kukaa zaidi ya miezi sita anahitaji cheti cha TB kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na mja mzito ana njia tatu: kupigwa picha akiwa amefunikwa tumbo, kupimwa makohozi ambayo majibu yake huchukua wiki nane, au kungoja hadi ajifungue. Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha eksirei. Ila angalia kalenda: miezi sita sasa, ndoa mwezi ujao, tangazo siku 21, makohozi wiki nane, ndipo fomu iende. Utakuwa umeshajifungua kabla jibu halijatoka, na mkunga ameshakwambia ndege hazikungoji.

Na usishawishike kwenda kwa viza ya matembezi ukajifungulie huko. Mgeni wa matembezi hutozwa na NHS, huduma ya afya ya serikali yao, asilimia 150 ya gharama, na deni hilo linaweza kukuharibia maombi yako yote ya baadaye.

Kama ungekuwa mdogo wangu ningekwambia hivi: jifungulie hapa Kisumu, Mwingereza wako awepo. Kama yeye alizaliwa kule, mtoto ni Mwingereza siku hiyo hiyo, mmeoana au hamjaoana. Mnamwombea pasipoti yake ya kwanza mkiwa hapa. Wewe pumzika, picha ya TB upigwe baada ya kuzaa, viza yako iombwe ukiwa na cheti cha ndoa na mtoto mwenye pasipoti. Mtasafiri mkiwa watatu.

---

Achi

Nimelia kidogo. Mama yangu alikuwa anataka hivyo hivyo lakini niliogopa mtoto atakosa haki za baba yake. Yeye alizaliwa Leeds, na mama yake ni wa hapo hapo. Akija atapata eTA, ile ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Kenya, ya siku ngapi?

---

MamaSaiba

Siku 90, na anaweza kuomba kuongezewa Idara ya Uhamiaji, ofisi ipo hapa Kisumu. Aombe kabla siku hazijaisha. Asikae hata siku moja bila ruhusa, kwa sababu faini na alama kwenye rekodi yake zitawasumbua nyote. Mhesabu vizuri: akija mwezi ujao, siku 90 zinaweza kuishia muda mfupi tu baada ya wewe kujifungua, kwa hiyo huenda afadhali aje kwanza kwa ndoa, arudi kazini, kisha aje tena karibu na siku zako. Siku yako ya kutarajia imeandikwa kwenye kitabu cha kliniki, mtumie picha yake leo.

Wakati wa pasipoti ya mtoto wataulizia ushahidi kwamba mimba uliilea hapa, basi tunza kitabu, skani zote na risiti. Aje na cheti chake kirefu cha kuzaliwa, kile chenye majina ya wazazi wake. Kile kifupi hakitoshi. Na pasipoti yake ailete yenyewe tuchapishe kurasa zote, maana picha za simu huwa zinakata namba chini.

Njooni wiki yoyote. Nafungua saa mbili asubuhi, Jumapili niko kanisani.